Ndege ya Nairobi, Herufi za London

Mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton aliishi Kenya, akawinda Kenya, na Mei 1931 akafia Kenya ndege yake ndogo, Gipsy Moth, ilipoanguka Voi. Fundi anayeifufua Gipsy Moth kama ile, akitaka ifanane na yake, angeweza kuiandika VP-K, alama ya koloni hilo, bila kusita. Angekosea. Ndege ya Finch Hatton ilikuwa G-ABAK, imesajiliwa Uingereza. Sinema ya Out of Africa ya 1985, inayomwonyesha, ilitumia ndege nyingine, G-AAMY, lakini angalau ile G ilikuwa sahihi.

Kisha angalia kinyume chake. Septemba 1936 rubani Beryl Markham aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki na kuangukia Nova Scotia, Kanada. Ndege aliyoirusha, Vega Gull, iliundwa Uingereza, lakini ubavuni iliandikwa VP-KCC, kwa sababu mwenye ndege, John Carberry, alikuwa mlowezi wa Kenya.

Kinachoamua ni daftari la usajili. Mkataba wa Paris wa 1919 ndio uliozipa nchi herufi za kutambulisha ndege zao, na Uingereza ikapewa G. Maeneo iliyoyatawala huku baadaye yakapata VP: K ya Kenya, U ya Uganda, Z ya Zanzibar; Tanganyika ikapata VR-T. Baada ya uhuru zikaja 5Y ya Kenya, 5H ya Tanzania na 5X ya Uganda. Ndiyo maana VC10 za East African Airways zilivaa rangi za kampuni moja huku zikiandikwa 5H-MMT, 5X-UVA na 5Y-ADA. Ukiipaka ndege rangi za 1938 na kuiandika 5Y, umeivalisha enzi mbili kwa mpigo.

Umbo la herufi nalo lina kanuni: herufi kubwa zisizo na madoido, upana theluthi mbili za kimo, unene wa mstari sehemu moja ya sita. Stika za kompyuta huharibu hapa, maana fonti za leo ni nyororo mno kwa kazi iliyofanywa kwa rula na brashi. Kwa herufi zenyewe, Wamarekani wana unafuu wao. Sheria yao huruhusu ndege ndogo iliyoundwa miaka 30 au zaidi iliyopita kuandikwa tena NC, NR au NX, kulingana na cheti chake, kama ilivyokuwa desturi ya zamani.

Picha za kale zinasaidia, ila zina ujanja. Filamu nyingi za wakati ule hazikuhisi wekundu, kwa hiyo herufi nyekundu hutoka nyeusi na buluu hupauka. Ushahidi bora ni kitambaa chenyewe cha bawa na ubavu, ambacho fundi mwenye haraka hukichana na kukitupa siku ya kwanza. Kikatwe pale penye herufi, kipimwe, kihifadhiwe, ndipo kazi ianze.