Juha Kalulu: Kibonzo kilichodumu zaidi ya nusu karne

JUHA Kalulu ni hadithi ya vibonzo iliyobuniwa na marehemu Edward Gitau, mmoja wa waasisi wa sanaa hiyo nchini Kenya.

Gitau alianza kuichora katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Baadaye ilipata makao katika gazeti la Taifa Leo, lililozinduliwa mwaka wa 1960, na ikachapishwa kwa zaidi ya nusu karne.

Juha, ambaye jina lake lamaanisha mjinga, huandamana na mkewe Seera, mwanawe Ulimwengu na mbwa wao, Taska.

Nchini Uingereza, Dennis the Menace alizuka katika jarida la Beano mnamo Machi 1951, akichorwa na David Law. Law alipougua mwaka wa 1970, wachoraji wengine walimrithi. Juha naye alitegemea mkono wa Gitau.

Kwa kuwa Kiswahili huwaunganisha Wapokomo, Waorma na Wawardei katika Kaunti ya Tana River, msomaji wa Garsen hakuhitaji mkalimani ili acheke sawa na mwenzake wa Nairobi. Naye mtoto asiyejua kusoma aliweza kufuata picha.