Ngazi na Mlango: Vijana wa Fizi na Safari ya Chuo Kikuu, 1954–2023

Chuo Kikuu cha Lovanium kilipoanza kufundisha karibu na Léopoldville mwaka 1954, kijana wa Baraka aliyetamani kukifikia alikabiliwa na jambo zito kuliko umbali. Shule za misheni za pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika zilimfundisha kusoma, kuhesabu na kusali, tena kwa Kiswahili, lakini nyingi zilikoma pale ambapo elimu ya sekondari ingepaswa kuanza. Ruzuku ya serikali ya Kibelgiji, iliyotolewa kwa misheni za Kikatoliki tangu mwaka 1925, haikuzifikia shule za Kiprotestanti hadi 1948, na katika nchi ya Wabembe Waprotestanti hawakuwa wachache. Uhuru ulipopatikana mwaka 1960, Wakongo waliohitimu chuo kikuu katika nchi nzima hawakufika thelathini.

Hata ngazi hiyo fupi ilivunjwa mwaka 1964. Uasi wa Simba ulipoenea Kivu ya Kusini, misheni zilishambuliwa. Tarehe 28 Novemba wamisionari wawili wa shirika la Waksaveri waliuawa Baraka, na siku hiyo hiyo mwenzao mmoja na padre Albert Joubert wakauawa Fizi. Mwaka uliofuata mamluki wa serikali waliteremka Baraka kwa njia ya ziwa. Baadaye Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP, kilichoundwa mwaka 1967, walishikilia sehemu za milima ya Fizi hadi katikati ya miaka ya 1980. Kwa takriban miaka ishirini, basi, mtoto wa wilaya hii alikulia ama upande wa waasi, ambako masomo hayakuwa na mlango wa kutokea, ama upande wa jeshi lililomtazama kama mwana wa waasi.

Kwa bahati mbaya, miaka hiyo ndiyo dola ya Mobutu ilipokuwa ikijenga mfumo wa elimu ya juu unaojulikana hadi leo. Mwaka 1967 ulianzishwa Mtihani wa Serikali, karatasi moja kwa nchi nzima mwishoni mwa sekondari. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Fizi ilikosekana mezani sheria hizo zilipotungwa. (Mwezi Mei 1975 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na mwenzao mmoja walitekwa na PRP huko Gombe, ng'ambo ya ziwa, wakavushwa hadi milima ya Fizi. Huenda hao ndio wanafunzi wa chuo kikuu waliozungumzwa kuliko wote katika historia ya wilaya hiyo, nao hawakuwa wenyeji.)

Msaada wa kwanza wa makusudi ulikuja kwa sura ya viwango vya mikoa. Katika miaka ya 1970 serikali iligawa nafasi za chuo kikuu kimkoa, ili mikoa iliyotangulia, hasa ile ya Kasai, isizimeze zote. Wazo hilo lilikuwa na haki ndani yake, ingawa Wakasai walilionja kama adhabu. Lakini kipimo kilikuwa mkoa, si wilaya. Nafasi za Kivu ziligombewa na kijana wa Baraka na kijana wa Bukavu, mji wenye chuo cha Wajesuiti cha Alfajiri, na si vigumu kukisia ni nani aliyekuwa amejiandaa zaidi. Mlango ulipanuliwa, vidato vya ngazi vikaachwa vilivyokuwa.

Miaka ya 1990 ilileta jambo na kinyume chake. Bukavu ilipata Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989, kisha cha Kiinjili mwaka 1991, na mwaka 1993 tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani. Papo hapo serikali iliacha kuwalipa walimu ipasavyo, na baada ya migomo ya mwanzoni mwa muongo huo mzigo wa kuwalipa uliwaangukia wazazi. Juu ya minervali, kama karo inavyoitwa Kongo, uliongezwa mchango wa mwalimu. Chuo kikuu kilikaribia wakati ule ule sekondari ilipokuwa inamponyoka mtoto wa mvuvi.

Vita vya 1996 na 1998, na mauaji ya Makobola mwishoni mwa 1998, viliwavusha maelfu ya watu wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na zile za Lugufu zikafuata. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wakimbizi walifundishwa kwa mtaala wa Kongo: Kiswahili katika madarasa mawili ya mwanzo, kisha Kifaransa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya busara: watarudi nyumbani, na vyeti vyao lazima vitambulike huko. Wengi hawakurudi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu alihitimu sekondari kwa Kifaransa katikati ya taifa linalozungumza lugha yake mwenyewe, akiwa na diploma isiyofungua chuo cha Tanzania bila ulinganifu wa vyeti na bila Kiingereza. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwapo tangu 1970. Msemaji huyu wa Kiswahili hakuweza kuifikia kwa Kiswahili. Isitoshe, Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ilimtaka aishi kambini na kutoka kwa kibali tu.

Mpango wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na Ujerumani pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, umewasomesha maelfu ya wakimbizi duniani. Hata hivyo, ufadhili wake humhitaji mwombaji awe na nafasi chuoni katika nchi iliyompokea. Kwa mara nyingine, fedha zilisubiri mlangoni.

Kuanzia 2015 Wakongo wengi wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani. Huko walikuta desturi nyingine ya msaada, iliyojengwa na watu waliokuwa na shida kama yao. Mwaka 1961 Wapuerto Rico wa New York, wakiongozwa na Antonia Pantoja, walianzisha ASPIRA, na kazi yake haikuanzia chuoni bali katika shule za sekondari: vikundi vya wanafunzi, washauri waliojua lugha ya wazazi, na mtu wa kueleza fomu. Mkimbizi ana haki ya ruzuku ya masomo ya serikali kuu ya Marekani. Anachokosa kijana wa Kibembe aliyefika akiwa na miaka 18 ni yule mtu wa kueleza fomu, kwa Kiswahili, kwa mama yake. Kitu kama hicho hakikupata kupangwa Kivu wala Kigoma.

Mwaka 2023 maelfu ya Wakongo walivuka tena na kupokewa Nyarugusu. Shule walizozikuta humo zilifuata mtaala ule ule: madarasa mawili ya kwanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa.