Shubiri, subira na mbwa
Ninaposoma historia ya dawa, narudi kwenye neno shubiri. Limetoka mzizi mmoja wa Kiarabu na subira, na wazee walijua uchungu wake. Uchungu huo uko kwenye utomvu wa manjano chini ya ganda la jani, ulionunuliwa karne nyingi kutoka Sokotra ili kuharisha. Ute wa ndani ni kitu kingine: mwaka 1991 Marekani iliruhusu, kwa masharti, asemanani itokanayo na ute huo isaidie kutibu fibrosakoma, saratani ya mbwa na paka. Leo tunasema "aloe vera" tu, tofauti inapotea. Ukimpaka mbwa jeraha, toa utomvu kwanza. Atalamba, naye ataharisha.