Hakimiliki na Msomaji wa Mwambao: Kutoka Igogo hadi Ukerewe

Igogo, kata ya Wilaya ya Nyamagana jijini Mwanza iliyobanwa kati ya vilima vya mawe na Ziwa Viktoria, haitajwi katika historia ya vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa historia hiyo imezoea kuwafuata waandishi na wachapishaji, na wengi wa hao kwa muda mrefu walikuwa Nairobi, Dar es Salaam au London. Akifuatwa msomaji, hata hivyo, mwambao huu unakuwa na mengi ya kueleza, maana hapa kitabu kilifika kwa meli za ziwani au kwa reli iliyoingia Mwanza mwaka 1928 ikitokea Tabora, kikafika kikiwa kichache, na kwa sababu hiyo kikasomwa zaidi kwa kuazimwa na kunakiliwa kuliko kwa kununuliwa.

Sheria ya kwanza ya hakimiliki, yaani haki ya mwandishi ya kuamua nani achapishe, anakili au afasiri kazi yake, ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1924, ikiegemea Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Ndani yake mlikuwa tayari na vighairi, maana yake mambo ambayo sheria inaruhusu yafanyike bila idhini ya mwandishi: matumizi ya haki kwa ajili ya kujisomea, utafiti, uhakiki na muhtasari wa magazeti. Mkazi wa kawaida wa Mwanza hakuvihitaji sana vighairi hivyo, kwani hakuwa na mashine ya kunakilia. Kilichomfaa ni kwamba sheria haikugusa uazimaji, na ndiyo maana Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1948, iliweza kusambaza masanduku ya vitabu na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta bila kumwomba ruhusa mwandishi yeyote.

Baada ya uhuru, Tanganyika iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, ikatungwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huohuo, katika mkutano wa Stockholm wa kurekebisha Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, nchi zilizotoka ukoloni zilidai nafasi ya kutafsiri na kuchapa vitabu vya elimu kwa masharti nafuu. Wachapishaji wa Ulaya walipinga, na nafuu iliyopatikana Paris mwaka 1971 ilizungushiwa taratibu nyingi kiasi kwamba ni nchi chache zilizoitumia. Tanzania yenyewe haikujiunga na Berne hadi mwaka 1994. Jambo hili linastahili kuzingatiwa na wale wanaoona hakimiliki kuwa ndiyo kufuli pekee la maarifa, kwa sababu katika miaka yote hiyo ya kukaa nje ya mkataba, na hasa miaka ya 1980, vitabu viliadimika vilevile, na kilichoviadimisha ni uhaba wa karatasi na fedha za kigeni.

Hakuna kitabu kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba kufuli si hakimiliki pekee kuliko kile cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, safari ya meli kutoka Mwanza. Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaosumbuliwa na kukosa mtoto, akihifadhi humo kilimo, uvuvi, dawa na adabu za wazee wake. Mchapishaji hakupatikana, kwani wasomaji wa lugha hiyo walionekana wachache mno. Mwandishi akaketi upya, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo Tanzania Publishing House ilipoitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Yeye akafariki mwaka 1981, na husimuliwa kwamba nakala zilikuwa hazijamfikia mkononi. Haki yake ilikuwa kamili kisheria muda wote huo, lakini haki ya kuzuia wengine wasichape haimsaidii mtu ambaye hakuna anayetaka kumchapa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini, ilipanua vighairi. Kifungu cha 12 kinaruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kwa matumizi binafsi, kunukuu kwa kutaja chanzo na kutumia kazi kama mfano wa kufundishia. Maktaba za umma na taasisi za elimu nazo zinaweza kutoa nakala kwa kadiri ya mahitaji yao, ilimradi zisiharibu soko la kawaida la kazi hiyo wala kumdhuru mwandishi kupita kiasi. Masharti hayo ya mwisho yana asili yake palepale Stockholm mwaka 1967.

Barabara ya Kenyatta, inayopita Igogo na Mkuyuni kuelekea Nyegezi na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ndiyo mahali pa kuyapima. Katika duka la steshenari, kitabu hufunuliwa na kulazwa kifudifudi juu ya kioo cha mashine, mgongo wake ukikandamizwa kwa kiganja ili maneno ya katikati yasipotee, kisha kurasa hubanwa kwa pini na kuwa desa. Mwanafunzi anayejinakilia sura moja ya kujisomea yumo ndani ya kifungu cha 12. Mwenye duka anayedurufu kitabu kizima, akakipanga kwenye rafu na kukiuza kwa kila anayepita, ametoka nje yake. Kati ya hao wawili kuna watu wengi, na sheria haikuweka idadi ya kurasa. Pengine ilifanya vizuri, maana idadi moja ingekidhulumu kitabu kilichoisha sokoni na kukipendelea kile kilichojaa madukani.

Udhaifu wake uko kwingine. Vighairi hivi vinaifuata kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, hivyo maktaba ya Mwanza inaweza kunakili kurasa za Myombekere wa Kiswahili, ilhali muswada wa Kikerewe, ambao haukuchapishwa mwandishi akiwa hai, ungehitaji idhini ya warithi. Vilevile vilimsahau asiyeona. Shule ya Msingi Mitindo wilayani Misungwi, inayopokea watoto wasioona, inahitaji vitabu vya nukta nundu, na kukigeuza kitabu kuwa nukta nundu ni kukinakili. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama ziruhusu ugeuzaji huo bila idhini na nakala hizo zivuke mipaka, ingawa mashine na karatasi nzito za kazi hiyo hazimo katika mkataba.

Ulinzi wa hakimiliki nchini Tanzania hudumu uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, kazi za Kitereza zitaingia katika mali ya umma mwishoni mwa mwaka 2031. Kuanzia hapo Kikerewe na Kiswahili chake vitaweza kuchapwa na yeyote, Igogo au Nansio kisiwani Ukerewe, lakini tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika ya mwaka 2002 itaendelea kulindwa kwa hesabu yake yenyewe.