Habari za Wanawake wa Kilimanjaro katika Ushirika

Umoja unapotimiza miaka kumi, ni desturi kuwakumbuka waasisi. Katika habari za ushirika wa Kilimanjaro majina ya waasisi yanajulikana, nayo ni ya wanaume. Yafaa basi, katika kijitabu hiki cha ukumbusho, tueleze pia habari za wale waliofanya kazi kwa mikono yao na majina yao yasiandikwe daftarini.

Mapadre wa misheni ya Kilema walipanda kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Wachagga walipoanza kuilima wenyewe, walowezi wa Kizungu hawakupendezwa. Ili kujilinda, na kupambana na wadudu wa mibuni, wakulima walianzisha chama chao katika mwaka wa 1925, yaani Kilimanjaro Native Planters' Association, chini ya Bwana Joseph Merinyo. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata ikaundwa KNCU, iliyokusanya kahawa ya vyama vya msingi na kuiuza kwa pamoja. Fedha za kahawa zilijenga shule, zikalipa karo, zikaezeka nyumba kwa mabati. Hizo ni sifa za haki.

Lakini tuitazame kazi yenyewe. Buni hazichumwi kwa siku moja. Huchumwa zilizoiva tu, na mchumaji hurudia mti ule ule mara nyingi. Kisha humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilikuwa ya mama na watoto. Hata hivyo kihamba kilirithiwa na mwana wa kiume, na mwenye kihamba ndiye aliyekuwa mwanachama. Siku ya malipo aliitwa yeye. Mjane aliweza kupalilia mibuni maisha yake yote, wala isiwe mali yake.

Mwanamke alibakiwa na ndizi na maziwa. Ndizi alizipeleka soko la Mwika, Marangu au Kiboriloni, akarudi na chumvi, mafuta na sabuni. Fedha hizo zilikuwa ndogo, lakini zilipatikana kila wiki, hali fedha za kahawa zilingojewa msimu mzima.

Tofauti hiyo ilionekana wazi wakati wa shida. Mwaka wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka wa 1982. Mwaka wa 1989 mpango wa mgawo katika Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka duniani kote. Nyumba zilizoitegemea kahawa peke yake zilitikisika.

Wakati huo akina mama wa Nronga, huko Machame, walikuwa wamekwisha anza. Katika mwaka wa 1988 waliunda ushirika wao wa maziwa. Sababu yake ni rahisi kufahamika: maziwa hayangoji mnunuzi, ya jana leo yamechachuka. Mama mmoja mwenye lita mbili hana nguvu mbele ya mnunuzi, lakini akina mama wengi wakikusanya mahali pamoja hupima, hupoza, na kuuza kwa bei waliyokubaliana. Na jambo kubwa kuliko yote, jina lililoandikwa daftarini lilikuwa la mama mwenyewe, naye ndiye aliyelipwa.

Wako pia walioshuka mlimani. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hata havitoshi, na wengi wamehamia mjini. Mama anayekaa Soweto, hapa Moshi, akiwa hana migomba mlangoni, hununua ndizi ili auze. Na akikopa mtaji kwa riba kubwa, faida huliwa kabla hajafika nyumbani. Kwa mtu kama huyo vikundi vya kuweka na kukopa vimekuwa msaada. Mfano wake ulianzishwa Niger mwaka wa 1991 na shirika la CARE, na hapa Tanzania vimejulikana sana kwa jina la VICOBA. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na sanduku hufungwa kwa kufuli ambazo funguo zake hushikwa na watu mbalimbali. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba kiwe na mwenyewe.

Hilo ndilo fundisho la historia hii. Umaskini haukuondoka kwa kazi peke yake, maana kazi mama aliifanya tangu zamani. Ulianza kuondoka pale alipoipokea fedha ya jasho lake na kuamua matumizi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka wa 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Kazi iliyobaki ni yetu, nyumbani na katika vyama vyetu.

Basi, ndugu wanachama, tunapoingia miaka kumi mingine, kila chama na kifungue daftari lake kisome majina. Palipo mama anayelima na jina lake halimo, na liandikwe.