Kompyuta ya mtumba: Nani anashika ufunguo?

ANAYENUNUA kompyuta kuukuu mjini Voi, iwe dukani au kwa jirani mtaani Kaloleni, kwa kawaida huuliza bei, ukubwa wa diski na iwapo betri ingali hai. Ni wachache wanaouliza swali linaloweza kuamua kama mashine hiyo itafaa kwa mwaka mmoja au mitano: je, itakubali mfumo endeshi tofauti na ule iliokuja nao? (Kaloleni inayozungumziwa hapa ni wadi ya eneobunge la Voi, Kaunti ya Taita Taveta, wala si ile ya Kilifi.)

Swali hilo lilipata uzito Oktoba 14, 2025, wakati Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya kurekebisha kasoro za usalama katika Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, hudai chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Kipakatalishi cha mwaka 2015, hata kiwe kizima kabisa, hakitimizi masharti hayo. Njia iliyobaki isiyodai ada ya leseni ni Linux, hasa Ubuntu, toleo lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake, kwa njia, ni ndugu wa neno letu utu.

Hata hivyo, kuwa na Linux kwenye flashi si hoja ikiwa mashine yenyewe itakataa kuiwasha.

Kitufe kinapobonyezwa, kabla Windows au Linux haijaamka, hutangulia programu ndogo iliyohifadhiwa katika chipu kwenye bodi kuu. Hiyo ndiyo programu dhibiti. Mafundi wengi wangali wanaiita BIOS, ingawa katika kompyuta nyingi zilizoundwa tangu mwaka 2012 hivi nafasi yake imetwaliwa na UEFI. Kazi yake ni kukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha kuukabidhi mfumo endeshi usukani. Ukifuta diski yote, programu hii haiguswi. Ndiposa kufuli iliyotiwa humo haiondoki kwa kubadilisha diski.

Mwaka 2011, Microsoft ilitangaza kwamba kompyuta zitakazouzwa kwa nembo ya Windows 8 sharti ziwe na kinga iitwayo Secure Boot. Kinga hiyo ni bawabu: hukagua saini ya kidijitali ya mfumo unaotaka kuwaka na, isipoitambua, huuzuia mlangoni. Lengo lilikuwa halali, kwani zipo programu haribifu zinazojipenyeza mapema kiasi kwamba mfumo endeshi wenyewe hauwezi kuziona. Lakini funguo zilizotiwa na takriban viwanda vyote zilikuwa za Microsoft, yaani mshindani mmoja ndiye aliyeshika daftari la wageni. Shirika la Free Software Foundation lilipinga mwaka huo huo. Mwaka 2012, watengenezaji wa Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, waliamua kulipa dola 99 ili programu yao ya kuwashia itiwe saini kupitia huduma ya Microsoft. Machi 2013, chama cha Hispalinux cha Uhispania kilipeleka malalamiko kwa Tume ya Ulaya.

Masharti ya Windows 8 yaliwabagua wanunuzi bila wao kujua. Kwa kompyuta za Intel na AMD, mwenye mashine alipaswa kuruhusiwa kuizima kinga hiyo. Kwa zile za prosesa za ARM, ilikatazwa isizimike. Mfano ni Surface RT ya mwaka 2012: masahihisho yake yalikoma Januari 2023, na kwa kuwa haikuundwa kupokea mfumo mwingine, haina warithi. Windows 10 ilipokuja mwaka 2015, uamuzi wa kuruhusu au kutoruhusu kinga izimwe uliachiwa kiwanda.

Habari njema ni kwamba matoleo makubwa ya Linux, Ubuntu ikiwemo, sasa yana saini inayotambulika na huwaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa. Kikwazo kinachomkabili zaidi mnunuzi wa mtumba ni kingine: nywila iliyowekwa na kampuni au shule iliyomiliki kompyuta hapo awali, ambayo hufunga mipangilio ya programu dhibiti. Chromebook iliyosajiliwa na taasisi nayo hurudi mikononi mwa taasisi hiyo kila ifutwapo, mpaka wasimamizi wake waiachilie. Mashine ya namna hii huenda iliibwa, na risiti ya muuzaji ni kinga ya mnunuzi mbele ya polisi.

Kufuli si haramu kwa kila hali. Simu za mkopo, kama zile za Lipa Mdogo Mdogo zilizoletwa na Safaricom pamoja na Google mwaka 2020, hufungwa malipo yakikosekana. Lakini mteja huyajua masharti hayo tangu mwanzo, na deni likiisha kufuli huisha. Kompyuta iliyolipiwa yote haina deni la kuidai. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kufuli ya programu dhibiti ni habari ya aina hiyo hasa.

Ukaguzi hauchukui dakika kumi. Kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji aiwashe mashine huku akibonyeza F2, F10, F12 au Delete, kulingana na kampuni iliyoiunda. Ikidai nywila asiyoijua, iache. Ikifunguka, tafuta Secure Boot na uone kama inaweza kuzimwa, kisha chomeka flashi yenye Ubuntu na uijaribu bila kugusa diski. Jaribu pia intaneti ya waya-hewa na sauti. Kwa mashine za miaka ya karibuni, uliza vilevile kama programu dhibiti imesasishwa, kwa kuwa vyeti vya Secure Boot vilivyotolewa mwaka 2011 vilipangiwa kufikia ukomo kuanzia Juni 2026.