Jumba Jekundu la Gharnata

Katika mji wa Gharnata, kusini ya Uhispania, liko juu ya kilima jumba ambalo Waarabu waliliita Al-Hamra, yaani Jekundu, na Wazungu wakalitamka Alhambra. Jina hilo huelezwa kuwa latokana na rangi ya udongo wa kuta zake. Kila siku maelfu ya wageni hulizuru, na katika tikiti ya kila mmoja huandikwa saa yake ya kuingia majumba ya wafalme. Wengi hutazama uzuri wakaenda zao. Mwislamu aliyepata kusoma chuoni ana jambo la zaidi, kwani yeye huweza kuzisoma kuta.

Msafiri apandaye asubuhi hupitia Lango la Sharia, lililojengwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1348. Njia iliyo ndani ya lango hupinda na kupinda tena, ili adui asiweze kuingia kwa mbio. Juu ya tao la nje umechongwa mkono, na juu ya tao la ndani ufunguo. Watu wamezua mengi juu ya alama hizo, nayo hayana haja hapa. Lililo muhimu ni kwamba mtu aingia ngomeni kabla ya kuingia bustanini, na wenye ngome hii walikuwa na sababu ya kuogopa.

Mwanzilishi wa nasaba yao, Muhammad bin Yusuf bin Nasr, aliyeitwa Ibn al-Ahmar, aliingia Gharnata katika Ramadhani ya mwaka 635 wa Hijra, sawa na 1238 Miladi. Qurtuba ilikuwa imekwisha kuanguka miaka miwili kabla yake. Mwaka 1246 alimwachia mfalme Ferdinand wa Tatu wa Castile mji wa Jaén, akakubali kumlipa kodi na kumsaidia vitani. Basi Ishbiliya ilipozingirwa, wapanda farasi wa Gharnata walikuwa upande wa wazingiraji, hata mji ule wa Waislamu ukatwaliwa mwaka 1248. Jambo hili ni chungu, na wasifuo Andalusi hupenda kuliruka. Lakini kwa mapatano hayo ufalme wa Gharnata ulipata kuishi miaka mia mbili na nusu, na katika amani hiyo ya kununuliwa ndipo jumba likajengwa.

Kazi ya kwanza ya Ibn al-Ahmar ilikuwa maji. Kilima kilikuwa kikavu. Mafundi wake wakaukinga mto Darro huko juu, wakayaongoza maji kwa mfereji wa kilomita kama sita, bila ya mtambo wa kuyavuta, kwa mteremko mdogo tu uliopimwa kwa uangalifu. Birika, hamamu na chemchemi zote za Al-Hamra zilitegemea mfereji huo, ulioitwa Mfereji wa Sultani. Kila atembeapo msafiri husikia maji kabla ya kuyaona.

Katika ua wa Comares lipo birika refu kama mita 34, kando yake pamepandwa mihadasi, na mnara husimama kichwa chini ndani ya maji yaliyotulia. Ndani ya mnara huo mna baraza alimoketi Sultani kuwapokea wajumbe. Dari lake limeunganishwa kwa vipande vya mbao zaidi ya elfu nane, vilivyopangwa kwa nyota katika daraja saba, mfano wa mbingu saba. Na chini ya dari imeandikwa Suratul-Mulk, ile ambayo Waislamu wengi huisoma usiku kabla ya kulala. Hivyo mfalme aliketi chini ya maneno yamwambiayo kuwa ufalme umo mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Yusuf, aliyeijenga baraza hiyo, aliuawa msikitini siku ya Idi al-Fitri mwaka 1354, naye yumo katika sala.

Zamani zake, mnamo mwaka 1350, alifika Gharnata Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Sultani alikuwa mgonjwa, wasionane. Mama yake Sultani akampelekea mgeni dinari za dhahabu. Kilwa alikuwa amekutana na Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib. Mtu mmoja aliziona ncha hizo mbili za ulimwengu wa Kiislamu, na kote alisikia adhana moja.

Mwana wa Yusuf, Muhammad wa Tano, ndiye aliyejenga Ua wa Simba: nguzo 124 nyembamba za marumaru, na katikati simba kumi na wawili wanaobeba birika. Msomaji asistaajabu kuona sanamu hizo. Wafalme wamefanya mengi ambayo wanavyuoni hawakuyapenda. Kuzunguka birika pamechongwa mashairi ya Ibn Zamrak, waziri na mshairi. Mwalimu wake, Ibn al-Khatib, alinyongwa gerezani huko Fez mwaka 1374, na mwanafunzi alikuwa na mkono katika jambo hilo. Baadaye Ibn Zamrak naye akauawa. Kuta hazisemi hayo. Kuta zarudia, juu ya nguzo, kando ya madirisha, katika vigae, maneno mamoja ya Bani Nasr: Hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Mchana msafiri hutoka akakuta jumba kubwa zito la mawe, lililoanzwa mwaka 1527 kwa amri ya mfalme Karolo wa Tano, na sehemu ya gharama zake ilitoka katika kodi walizotozwa Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Karibu yake pana kanisa. Hapo ndipo pa kusimama kitambo, ingawa wageni wengi hupita tu, kwa maana hapo palikuwa Msikiti wa Al-Hamra, uliojengwa na Muhammad wa Tatu. Ulibomolewa mwaka 1576. Imebaki hamamu yake, na taa yake ya shaba ya mwaka 1305 imo katika makumbusho ya Madrid.

Haya hayakuwa katika mapatano. Mkataba wa Novemba 1491 uliahidi kwamba Waislamu wataachiwa misikiti yao, makadhi wao na wakfu zao. Kwa ahadi hiyo Abu Abdillah, Sultani wa mwisho, alitoa funguo tarehe 2 Januari 1492, mwaka 897 wa Hijra. Kisa cha kulia kwake njiani na mama yake kumlaumu kilienezwa na washindi, wala hakifai kutegemewa. Haikupita miaka minane, vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani na watu wakabatizwa kwa nguvu. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile waliamriwa kubatizwa au kuhama. Mwaka 1567 lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao vikapigwa marufuku. Kati ya 1609 na 1614 vizazi vyao walifukuzwa Uhispania, watu kama laki tatu. Jumba la wafalme likatunzwa kuwa mali ya wafalme wapya.

Alasiri ni ya Jannat al-Arif, bustani ya kiangazi iliyo juu zaidi. Maua mengi yaonekanayo leo yalipandwa karne ya ishirini. Moto wa mwaka 1958 ulipounguza sehemu ya majengo, wachimbaji wakakuta chini ya ardhi vitalu vya zamani. Lakini ngazi yake ya maji ni ya kale. Maji hushuka juu ya kuta zake za pembeni, mtu apandapo akiyagusa kwa kiganja.

Ng'ambo ya bonde uko mtaa wa Albaicín, na katika mtaa huo, mwaka 2003, Waislamu wa Gharnata walifungua msikiti mpya baada ya miaka zaidi ya mia tano. Msafiri akiwahi kushuka, huipata sala ya Magharibi huko. Ua wa msikiti waelekea Al-Hamra.